Lango la Ardhi Yetu Linalindwa na Nani?

Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu katika semina ya watumishi wa serikali na walimu. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya ukurasa huu.



Nimeombwa nizungumze juu ya sheria zinazomzuia mgeni kumiliki ardhi na utajiri wa asili wa nchi yetu. Nadhani waliopanga semina hii walitaraji kwamba nitakuja na vifungu, nivisome kimoja baada ya kingine, kisha mnipigie makofi twende tukanywe chai. Vifungu nitavitaja, kwani bila ya hivyo hatutaelewana. Lakini nimekuja na jambo jingine vile vile, ambalo kwa miaka mingi sikulisema mbele ya watu. Litakuja mahali pake.

Tuanze na asili ya mambo. Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Kaizari wa Ujerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya Dola. Maneno hayo, "isiyokuwa na mwenyewe", yalikuwa machache, lakini ndiyo yaliyobeba amri nzima. Mtu ataonyeshaje kwamba ardhi ina mwenyewe? Mlowezi alikuwa na karatasi. Mkulima alikuwa na makaburi ya babu zake, na minazi, na jirani wa kuthibitisha mpaka. Karatasi ikashinda. Waingereza walipoingia, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ikatangaza kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ardhi ya umma, ila mwenye mamlaka ya kuigawa akawa Gavana. Basi umma ukapewa jina, na Gavana akashika kalamu.

Wameru waliyaona matokeo yake kwa macho yao. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu maelfu ya watu kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili mahali hapo pawe mashamba ya walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 ndugu Kirilo Japhet alisafiri hadi New York akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuwasemea wenzake. Safari ile haikuwarudishia Wameru ardhi yao, lakini iliwafundisha Watanganyika wengi kwamba suala la ardhi na suala la uhuru ni suala moja.

Hata hivyo, naomba mzingatie zaidi yaliyotokea mwaka 1958. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imependekeza kwamba Mwafrika naye aruhusiwe kupata hati ya kumiliki ardhi milele, na kuiuza akitaka. Wako walioshangilia. Mwalimu Nyerere alipinga, katika waraka wake uitwao "Mali ya Taifa". Hoja yake ilikuwa kwamba ukikigeuza kitu pekee alicho nacho maskini kiwe bidhaa ya sokoni, na katika soko hilo mwenye fedha ni mgeni, maskini ataishia kuwa mpangaji katika nchi yake mwenyewe. Wala hakuishia kwa mgeni. Aliona kwamba hata kama wageni hawapo, watakuwapo wenyeji wachache, wenye ujanja na mali, watakaojitwalia nafasi ile ile. Tukumbuke sehemu hiyo ya pili, kwa maana ya kwanza tumeikumbuka sana, na ya pili tumeisahau.

Baada ya Uhuru hatua zilifuatana. Mwaka 1963 hati za kumiliki ardhi milele, ambazo nyingi zilikuwa mabaki ya enzi ya Mjerumani, zilifutwa zikageuzwa kuwa upangaji wa miaka 99 kutoka serikalini. Na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kutumia ardhi kwa masharti. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, ambalo historia yake kila mwalimu aliyemo humu anaifahamu kuliko mimi.

Sheria zinazotuongoza hivi leo katika Tanzania Bara ni Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. (Zanzibar ina sheria zake, na sitazigusa.) Msingi wake ni huu: ardhi yote ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Mimi na wewe hatumiliki udongo. Tunamiliki haki ya kuutumia. Kuhusu mgeni, kifungu cha 20 kinasema waziwazi kwamba mtu asiye raia hatapewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Ardhi ya namna hiyo hutambuliwa, hutangazwa katika Gazeti la Serikali, hupewa mamlaka ya uwekezaji, na mamlaka hiyo ndiyo inayompa mwekezaji haki ndogo inayotokana na hati yake. Kwa hiyo mgeni haishiki hati yenyewe, na kazi iliyomleta ikiisha au muda ukimalizika, haki yake nayo imekwisha.

Majirani zetu wa Kenya walifika mahali hapo kwa njia nyingine. Huko walowezi walikuwa wamejiandikia upangaji wa miaka 999, kana kwamba kizazi cha thelathini cha mjukuu wao kilikuwa kimekwisha kuagiza nafasi. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 65, iliukata muda huo: asiye raia sasa hawezi kuwa na zaidi ya upangaji wa miaka 99. Wakenya wamekaza pia pale ambapo sisi tumelegeza. Kwao kampuni haihesabiwi kuwa ya raia mpaka iwe inamilikiwa na raia watupu. Kwetu kampuni huhesabiwa kuwa ya kigeni pale ambapo wenye hisa wengi si raia. Tofauti hiyo inaonekana ndogo katika maandishi. Nitairudia.

Nimesikia mara nyingi, hasa kutoka kwa wasomi wenzangu, kwamba sheria za namna hii ni za kizamani, zinafukuza mitaji. Hiyo si kweli hata kidogo. Jimbo la Iowa, ambalo ni moyo wa kilimo cha mahindi cha Marekani, linamzuia mgeni asiye mkazi kununua mashamba. Lakini Marekani hiyo hiyo inatupa onyo. Mwaka 1913 jimbo la California lilitunga sheria ya kuwanyima ardhi ya kilimo wageni ambao hawakuruhusiwa kuwa raia. Na nani hawakuruhusiwa kuwa raia? Wajapani na Waasia wenzao, kwa sababu ya rangi yao. Sheria ilivaa nguo ya kulinda nchi, na ndani yake mlikuwa na chuki. Ilibatilishwa na mahakama ya jimbo hilo mwaka 1952. Sisi tulilikataa jambo hilo mapema. Oktoba 1961, kabla hata bendera haijapandishwa, wako waliotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Mwafrika peke yake, na Mwalimu akasema yuko tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Ndiyo maana kipimo cha sheria yetu ya ardhi ni uraia. Mtumishi anayemdai mtu nasaba ya babu yake kwenye dirisha la ofisi ya ardhi, kwa sababu tu ya sura yake, anavunja sheria anayodhani anailinda.

Niseme kidogo juu ya madini. Tarehe 14 Desemba 1962, mwaka mmoja kamili tangu Tanganyika ilipoingia Umoja wa Mataifa, Baraza Kuu lilipitisha azimio namba 1803 juu ya mamlaka ya kudumu ya mataifa kwa utajiri wao wa asili. Miaka 36 baadaye, kwa Sheria ya Madini ya 1998, sisi tuliwafungulia milango wachimbaji wakubwa wa kigeni kwa mrabaha wa dhahabu wa asilimia 3. Mwaka 2010 ukawa asilimia 4, na mwaka 2017 asilimia 6. Katika mwaka huo wa 2017, baada ya suala la makinikia, Bunge lilipitisha sheria tatu kwa mkupuo: moja ikatamka mamlaka ya kudumu ya wananchi juu ya utajiri wao, ya pili ikaruhusu mikataba yenye masharti kandamizi ipitiwe upya, na ya tatu ikaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi, bila ya kuzilipia. Kutokana na hayo tukapata kampuni ya Twiga, ambamo serikali ina asilimia 16 na Barrick asilimia 84.

Hizo ni hatua za kujivunia, nami nimeziandika katika gazeti hili kwa furaha. Lakini mwanasiasa akishangilia, mtumishi hana budi kusoma hadi mstari wa mwisho. Sheria ya 2017 inasema migogoro ya utajiri wa asili isipelekwe katika mahakama za nje. Vizuri. Ila kabla yake tulikuwa tumekwisha kutia saini mikataba ya kimataifa ya kulinda uwekezaji, na sheria ya Bunge haifuti saini ya taifa. Leseni za kuhodhi maeneo ya madini zilipofutwa, wenye mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea, walikwenda katika baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia. Julai 2023 tuliamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 109, na mwaka 2024 yakafikiwa mapatano ya dola milioni 90. Hizo ni fedha za wavuja jasho. Mahali fulani, miaka mingi nyuma, palikuwa na afisa aliyeandaa mkataba ule, na mwingine aliyeupitisha mezani kwake bila ya kuuliza swali.

Basi nimefika kwenye shabaha yangu. Tunazungumza juu ya mgeni kana kwamba yeye huja usiku akavunja ukuta. Katika miaka niliyofanya kazi ya uandishi sijamwona mgeni aliyeingia katika ardhi yetu kwa kuvunja ukuta. Wote niliowaona waliingia langoni, na aliyewafungulia alikuwa mwenyeji.

Njia mojawapo ni jina la kuazima. Hapa ndipo ile tofauti yetu na Kenya inapouma. Kwa kuwa kipimo chetu ni wenye hisa wengi, mgeni humtafuta raia, humwandikia asilimia 51 katika kampuni, na raia huyo hata rangi ya mlango wa ofisi ya kampuni haijui. Hupewa posho kila mwezi, na kampuni hupata ardhi kama kampuni ya raia. Katika madini hali ni hiyo hiyo: leseni ya mchimbaji mdogo hupewa raia peke yao, lakini nenda machimboni uulize ni ya nani mitambo. Amri iliyotolewa Julai 2025 ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo uchimbaji mdogo na ununuzi wa mazao shambani, ina jambo moja lililonipendeza: inamkumbuka mwenyeji. Raia anayemsaidia mgeni kuivunja hukabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Ni adhabu ndogo kwa mtu anayelipwa vizuri kuazima jina, lakini angalau tumeanza kumwita kwa jina lake.

Njia nyingine ni ya vijijini. Tuna vijiji zaidi ya 12,000, na mgeni hawezi kupewa ardhi ya kijiji ikiwa bado ni ardhi ya kijiji. Sharti kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, Mkutano wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi, Waziri huamua, lakini baada ya kuyapima maoni ya Mkutano. Utaratibu ni mzuri. Kasoro yake ni kwamba ardhi ikisha kuwa ya jumla hairudi kijijini kwa sababu tu kwamba mwekezaji ameshindwa. Tena Sheria ya Ardhi, inapofafanua ardhi ya jumla, inaingiza humo na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Dada yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, haina maneno hayo. Yafikirini maneno hayo, ndugu walimu, kisha myaweke karibu na yale ya Mjerumani ya 1895. Shamba lililopumzishwa miaka minne ili udongo upate nguvu, ni ardhi isiyotumika? Msitu mnaokata miti ya kujengea, ni ardhi isiyokaliwa?

Tume ya Rais ya 1991 na 1992 iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilipendekeza kwamba mamlaka ya mwisho juu ya ardhi ya kijiji yawe ya Mkutano wa Kijiji wenyewe. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Sababu zake nazifahamu, na baadhi nazikubali. Hata hivyo, kila niendapo vijijini hulikumbuka.

Sasa nifike kwenye lile nililoahidi.

Mwaka 2008 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani nasubiri kwenda Chuo Kikuu. Huo ulikuwa wakati wa mibono. Kila mkoa wa pwani palikuwa na kampuni inayotafuta ardhi ya kupanda mibono ili ikamue mafuta ya magari. Katika wilaya ya Kisarawe peke yake kampuni moja ya Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 kwa miaka 99, na mwaka 2011 ilikuwa imekwisha kufunga kazi. Kijijini kwetu nako walikuja, na afisa wa wilaya mbele yao. Waliahidi zahanati, kisima, na ajira kwa vijana. Eneo walilotaka lilizidi hekta 250, na ndani yake mlikuwa na msitu wetu na mashamba ya watu yaliyopumzishwa, likiwamo la mjomba wangu.

Mkutano wa Kijiji ulifanyika chini ya mwembe, mbele ya shule. Nilikuwapo. Wanawake walikuwa wa kwanza kuuliza: kuni tutakata wapi? Mjomba akasimama akataka aonyeshwe mpaka kwa miguu, si kwa ramani. Majibu yalikuwa ya kuzungukazunguka. Jua likazama, Mwenyekiti wa Kijiji akasema tutakutana tena. Hatukukutana tena.

Siku tatu baadaye Afisa Mtendaji alikuja nyumbani kwetu. Alisema jalada linakwenda wilayani Ijumaa, na muhtasari haujaandikwa, na mimi ndiye kijana mwenye mwandiko mzuri na Kiswahili cha shule. Akanipa karatasi, kalamu, na shilingi elfu tano. Nikamwuliza niandike nini juu ya uamuzi. Akasema, andika kwamba wajumbe wote waliafiki kwa kauli moja, hizo ni taratibu tu, mambo mengine yatarekebishwa mbele. Nikaandika. Kwa mahudhurio tuliambatanisha orodha ya watu waliotia saini na dole gumba walipopokea vyandarua mwezi uliotangulia. Niliikata sehemu ya juu kwa wembe, iliyosema ni orodha ya vyandarua.

Ndugu zangu, sikuwa nimenunuliwa na mabeberu. Nilikuwa kijana mtiifu aliyeombwa na mkubwa wake amsaidie kazi ya ofisi. Sheria ilimtaka Waziri apime maoni ya Mkutano wa Kijiji, na maoni yaliyomfikia yalitoka katika kalamu yangu.

Kampuni ilipanda sehemu ndogo, ikakaa misimu miwili, ikaondoka. Ardhi haikurudi. Haki juu yake iliuzwa kwa wengine, ambao hawajapanda kitu. Pamewekwa mlinzi, naye ni mtoto wa kijiji kile kile, nilisoma naye darasa moja. Mjomba, ambaye sasa ni mzee wa miaka zaidi ya sabini, akitaka fito za kujengea huenda kumwomba ruhusa. Mwaka jana nilipokwenda kumtazama alinikaribisha, tukala, tukazungumza habari za watoto. Nilipokuwa naaga akaniambia, "Mwanangu, nilikwenda wilayani wakanionyesha ule muhtasari. Mwandiko niliufahamu." Hakuongeza neno.

Mwalimu wa shule ya msingi ya pale, ambaye si mzaliwa wa kwetu, amewasaidia wanakijiji kuandika barua ya kuomba ardhi hiyo ichunguzwe na irudishwe. Aliwaita watu mmoja mmoja, akawasomea barua kwa sauti, akaisahihisha waliposema sivyo, kisha ndipo wakatia saini. Ilichukua siku sita. Aliponiomba nami nieleze ninayoyajua, nilikaa na ombi lake wiki mbili kabla sijamjibu. Nimeandika maelezo kurasa nne: nani alikuja, alisema nini, orodha ilitoka wapi, na nani aliandika. Nimeyathibitisha kwa kiapo mbele ya hakimu. Nimeambiwa kwamba kughushi ni kosa la jinai na halizeeki, nalifahamu hilo.

Barua ilikwenda wilayani mwezi uliopita pamoja na maelezo yangu. Mpaka leo haijajibiwa. Humu ndani wamo maafisa wa ardhi wa wilaya kadhaa, na huenda wako ambao wana mihtasari kama ule katika majalada yao. Nimekuja na nakala tatu za maelezo hayo. Ndugu Mwenyekiti akiruhusu, nitaziacha hapa mezani, na anayetaka kuniuliza, nipo mpaka jioni.